Dawa, Madini na Sumu: Mwongozo kwa Nyumba za Kapseret

Nyumba nyingi za Kapseret zina pande mbili. Upande mmoja ni wa mjini: wapangaji, matatu ya asubuhi kwenda Eldoret, duka la dawa pale kituoni. Upande wa pili ni wa shamba: mahindi, ng'ombe wa maziwa wawili watatu, pampu ya kunyunyizia dawa imetundikwa nyuma ya mlango wa stoo. Ndiyo maana rafu moja, iwe Ngeria, Kipkenyo au Langas, hubeba vitu ambavyo hospitalini visingekaa chumba kimoja: dawa ya kupe, vidonge vya kuongeza damu alivyopewa mama kliniki, parasetamoli, dawa ya magugu, krimu ya uso na chupa ya mafuta ya taa.

Mtu akifa ghafla kijijini, minong'ono ya kwanza ni kwamba adui amemlisha sumu. Mimi nakuomba uikague rafu yako kabla ya kumtazama jirani. Vitu vingi vinavyowapeleka watoto na wazazi wetu hospitalini vililetwa nyumbani na mtu anayewapenda, kwa nia ya kuponya, kulima au kulinda mavuno.

Ukikishika kila kitu kwenye rafu hiyo, jiulize maswali matatu: ni kiasi gani, kinaingia kwa njia ipi, na kinaingia katika mwili wa nani. Paracelsus, tabibu wa Ulaya wa karne ya 16, alishikilia kwamba kila kitu kina sumu ndani yake na kinachotofautisha ni kipimo. Alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Madini ya chuma ni uhai kwa mama mjamzito, na ni hatari ya kifo kwa mtoto wake wa miaka miwili. Zinki anayopewa mtoto wa zaidi ya miezi sita anayeharisha, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvi na sukari ya pakiti, huokoa maisha. Lakini mtu mzima akimeza zinki nyingi kila siku kwa miezi, shaba hushindwa kufyonzwa tumboni na damu yake hupungua. Risasi na zebaki ni kundi lingine kabisa: mwili hauna kazi yoyote nazo, hata kidogo.

Vidonge vya damu

Naanza na hivi kwa sababu hakuna anayevihofia. Kidonge anachopewa mama kliniki huwa na miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Chukua mtoto wa kilo 10, anayeanza kutembea na kupanda viti. Dalili za sumu ya chuma huanza kwenye miligramu 20 hivi kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtoto huyo ni miligramu 200, yaani vidonge vitatu au vinne tu. Akifika miligramu 60 kwa kilo, ambayo ni vidonge kumi, yuko katika hatari kubwa. Kumi ni vidonge ambavyo mtoto huweza kuvitafuna mama akiwa nje anaanua nguo, maana vingi vimepakwa rangi na utamu kwa juu, na yeye anaviona peremende.

Mwili una njia ya kuzuia chuma kisiingie kwa wingi, lakini hauna njia ya maana ya kukitoa kikishaingia. Kikizidi, kwanza huunguza utando wa tumbo na matumbo: mtoto hutapika, huharisha, wakati mwingine damu. Kisha huingia kwenye damu na kuharibu ini na moyo. Kinachowahadaa wazazi ni kipindi cha katikati. Baada ya saa sita hivi kutapika hukoma, mtoto hutulia, pengine hata hucheza, na familia hushukuru Mungu na kurudi shambani. Kumbe sumu imehama tumboni na sasa iko ndani zaidi. Akirudi kuzidiwa siku ya pili, kazi ya daktari imekuwa ngumu mno. Kwa hiyo mtoto aliyemeza vidonge vya damu hupelekwa hospitali hata kama anatabasamu. Ipo dawa inayokishika chuma na kukitoa kwa mkojo, na haifai kucheleweshwa.

Weka vidonge hivyo juu, mahali pa kufungwa, si kwenye mkoba wa kliniki unaoning'inia kitandani. Usimwambie mtoto kamwe kwamba dawa ni peremende, hata kama anakataa kunywa.

Parasetamoli inayojificha

Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, kwa kuachanisha angalau saa nne kati ya dozi. Watu wengi huzidisha kipimo hicho bila kujua. Vidonge vya maumivu vya pakiti ndogo vinavyouzwa dukani pamoja na sukari na sabuni, vingi huwa na parasetamoli iliyochanganywa na aspirini na kafeini. Dawa za mafua nyingi pia zinayo. Mkulima aliyeumwa mgongo wakati wa palizi, kisha akashikwa na mafua, anaweza kumeza aina tatu zenye majina tofauti na zote zikawa dawa ile ile. Soma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Ukiliona jina parasetamoli mara mbili, moja ibaki.

Ini huvunja sehemu kubwa ya parasetamoli kwa usalama. Sehemu ndogo hugeuka kuwa kemikali kali, nayo hudhibitiwa na kitu kiitwacho glutathioni ambacho ini limejiwekea kama akiba ya mahindi ghalani. Dozi ikizidi, akiba huisha na kemikali hiyo huanza kuzishambulia seli za ini lenyewe. Aliyekaa siku kadhaa bila kula vizuri, au anayekunywa pombe kila siku, ana akiba ndogo tangu mwanzo. Hapa pia dalili hudanganya: siku ya kwanza ni kichefuchefu tu, ini huanza kufa siku ya pili na ya tatu. Dawa ya kuijaza upya akiba hiyo, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Usingoje macho yawe ya manjano.

Kwa watoto, pima kwa kilo wala si kwa umri. Kawaida ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Tumia kikombe au bomba lililokuja na chupa, kwa sababu vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Na ujue kwamba dawa ya matone ya watoto wachanga huwa kali mara kadhaa kuliko sirapu ya kawaida. Ukizipima zote kwa kijiko kimoja umemzidishia mtoto.

Stoo ya shamba

Hapa ndipo pana hatari kubwa kuliko zote, na kosa kubwa ni la chupa ya soda. Agroveti huuza dawa ya kupe kwa mikebe mikubwa, watu wawili wakagawana, nusu ikaenda nyumbani katika chupa ya soda au ya maji. Kibandiko kimebaki kwa mwenzako. Ukichanganya na maji dawa hugeuka nyeupe kama maziwa, na hii ni nchi ya maziwa. Mtoto anayerudi shuleni na kiu hatasita.

Kibandiko hicho ndicho daktari anachokihitaji. Dawa za kupe si za aina moja. Za kundi la oganofosfeti hukizuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva, hivyo neva huendelea kuamuru bila kukoma: mate hutiririka, machozi, jasho, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kutetemeka, na mapafu kujaa majimaji hadi mtu anashindwa kupumua. Kiuasumu chake ni atropini, na inaweza kuhitajika nyingi. Amitrazi, ambayo pia hutumika sana kwa ng'ombe, humfanya mtu asinzie, mapigo ya moyo yashuke na pumzi ipungue. Nayo pia hufanya mboni kuwa ndogo, ndiyo sababu hudhaniwa kuwa oganofosfeti. Amitrazi haina kiuasumu. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka dawa iishe mwilini. Wagonjwa hawa wawili wanafanana mlangoni, lakini matibabu ni tofauti. Daktari akiletewa mkebe wenye jina, hatapoteza muda akibahatisha.

Sumu hizi hazingoji kumezwa. Oganofosfeti hupita kwenye ngozi. Pampu inayovuja mgongoni, shati likilowa tangu asubuhi hadi saa nane, ni njia ya uhakika ya kuiingiza. Nyunyiza asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza, upepo ukiwa nyuma yako, ukiwa na buti, glavu, mikono mirefu na kitu cha kufunika mdomo na pua. Usizibue tundu la pampu kwa kulipuliza kwa mdomo. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na nguo zako zifuliwe peke yake. Usioshee pampu mtoni wala karibu na kisima.

Mbegu zilizobaki baada ya kupanda zina rangi, nyekundu, waridi au kijani, ili ujue zimepakwa dawa ya kuvu na ya wadudu. Kila msimu wa njaa huwapo anayeshawishika kuziosha, kuzianika na kusaga. Nakusihi uisikie habari ya Iraki. Mwisho wa mwaka 1971 serikali ya huko iligawa ngano ya mbegu kutoka ng'ambo, iliyopakwa zebaki, na maonyo yaliandikwa kwa lugha ambazo wakulima hawakuzijua. Wengi waliosha rangi ikatoka, wakaamini sumu nayo imetoka. Wengine waliwalisha kuku kwanza, na kwa kuwa kuku hawakufa upesi, wakaoka mkate. Zebaki ya aina ile hukaa wiki kadhaa kabla ya kujionyesha, halafu ganzi huanza midomoni na vidoleni, macho hupoteza uwezo na miguu hushindwa kutembea. Watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 wakafia humo. Dawa za mbegu za leo si zebaki ile, lakini kanuni haijabadilika: rangi ni ishara tu, dawa imeingia kwenye punje. Mbegu iliyobaki ihifadhiwe kwa kupandwa au irudishwe dukani. Hata kuku usiwape.

Kuna pia vidonge vya kijivu vya kuhifadhi mahindi kwenye magunia, vilivyotengenezwa kwa fosfidi ya alumini. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, yenye harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na gesi hiyo huziua seli kwa kuzizuia zisitumie oksijeni. Haina kiuasumu. Ikiwa mahindi yako yamepangwa sebuleni au katika chumba cha kulala kwa sababu unaogopa wezi, usiweke vidonge hivi humo, hata kimoja. Si usiku mmoja, si kwa dirisha wazi. Gesi hupenya chini ya mlango na kwenye nyufa za ukuta wa mbao, na watoto waliolala chini huivuta kwanza. Tumia mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu kwa kuwakosesha oksijeni bila dawa yoyote. Bei yake ni ya juu kidogo kuliko gunia la kawaida, na kwa maoni yangu hakuna pesa bora zaidi unayoweza kutumia baada ya mavuno.

Madini yanayoingia polepole

Risasi haimwangushi mtu kwa siku moja. Mwili huidhania kuwa kalisi, ukaipeleka kwenye mifupa na ikakaa humo miaka mingi. Mwanamke akishika mimba na mifupa yake ikaanza kutoa kalisi kwa ajili ya mtoto, risasi hutoka nayo. Huzuia utengenezaji wa damu na huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Wakenya tuliyaona haya kijijini Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu majirani wake. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigana kwa miaka, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3; amri hiyo ilitenguliwa kwenye rufaa, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha.

Kwako, chunga yafuatayo. Betri za gari zisivunjwe uani wala risasi yake isiyeyushwe mahali watoto wanapocheza. Fundi wa betri avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani. Sufuria za jua kali zilizomiminwa kutokana na vyuma chakavu zimepimwa kutoka nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, na nyingine zikakutwa zinatoa risasi kwenye chakula, hasa chenye uchachu. Usichemshie humo nyanya kwa saa nyingi wala kulazia uji wa kuchacha. Na mtoto apate chuma cha kutosha katika chakula: mboga za majani, maharagwe, nyama inapopatikana. Mtoto mwenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi, kwa kuwa matumbo hutumia mlango ule ule kwa madini yote mawili.

Mawe laini ambayo akina mama wajawazito hununua sokoni na kutafuna ni suala linalohitaji upole. Hamu hiyo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu. Lakini udongo hukishika chuma tumboni kisifyonzwe, hivyo upungufu huzidi, na mawe hayo yanaweza kubeba risasi. Usimcheke wala kumkaripia. Mpeleke apimwe damu.

Krimu za kung'arisha ngozi zinastahili ukali zaidi. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, na ndiyo maana hung'arisha. Kisha hupita kwenye ngozi hadi kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikimwaga protini, na wengi wao walikuwa watumiaji wa krimu zenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 baadaye bidhaa za aina hiyo bado zinapatikana, ingawa mkataba wa kimataifa wa Minamata unakataza vipodozi vyenye zebaki. Ukiona krimu haina orodha ya viambato, au inaonya usiiguse kwa pete ya dhahabu au fedha, iache. Aliyeitumia kwa muda mrefu aombe kupimwa mkojo.

Wanaochimba visima wapime maji si vijidudu tu bali na floridi. Bonde la Ufa, hasa upande wa Nakuru, Naivasha na Baringo, lina maji ambayo floridi yake huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto ndiyo ushahidi. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, hubaki nyingi zaidi kwa kila kikombe.

Chang'aa sitaizungumzia kwa kirefu, ila jambo moja tu. Methanoli inayoweza kuwamo haitambuliki kwa ladha wala harufu. Mtu hulewa kama kawaida, hulala, na huamka saa 12 hadi 24 baadaye akiona ukungu mweupe, kichwa na tumbo vikiuma, akipumua kwa haraka. Ini limeigeuza methanoli kuwa asidi inayoshambulia neva ya macho. Haya ndiyo yaliyowapata watu katika kaunti kadhaa Mei 2014, makumi wakafa. Ulevi wa jana unaoambatana na macho kufifia hautibiwi kwa usingizi. Ni safari ya hospitali, mara moja.

Saa ya kwanza

Mtu akimeza sumu, usimtapishe. Mafuta ya taa, dawa ya magugu na asidi ya betri huunguza mara ya pili zikirudi, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni huua kuliko yakikaa tumboni. Usimpe maziwa. Najua kila kogo (bibi wa mtoto) na kila jirani atakuja na kikombe, na atakuja kwa upendo, lakini maziwa hayakati sumu. Hujaza tumbo, humletea mtu kutapika na huchelewesha safari. Usimpe mafuta ya kupikia wala mkaa wa jiko uliosagwa.

Kama sumu iko kwenye ngozi, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nawe ujikinge mikono kwa glavu au hata mifuko ya plastiki. Kama ni machoni, mwagilia maji safi kwa dakika 15 au zaidi. Kama ni gesi ya mahindi, mtoe nje kwanza, lakini usikimbilie ndani bila kufungua mlango na madirisha. Aliyesinzia alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimzibe.

Kisha chukua mkebe, chupa, pakiti au krimu yenyewe, uitie kwenye mfuko. Tazama saa. Hesabu vidonge vilivyobaki. Tafuta gari badala ya bodaboda ikiwa hajitambui, na mtu mmoja akae naye nyuma amtazame anavyopumua. Zahanati ya karibu inaweza kumpa huduma ya kwanza, lakini kwa dawa ya kupe, dawa ya magugu, chuma au vidonge vya mahindi, waombe rufaa mapema kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Ikiwa alimeza kwa makusudi, liseme hilo pia, hata kama familia inaona aibu. Daktari anahitaji kujua kama huenda kuna kitu kingine alichomeza, na mgonjwa atahitaji mtu wa kuzungumza naye akishapona mwili. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199. Nyumbani ambako mtu amekata tamaa, au amekuwa akizungumza juu ya kufa, dawa zote za shamba zihamishiwe kwa ndugu leo hii, na funguo zisirudi mpaka daktari aseme.

Mkifika hospitalini, sema mambo manne kwa mpangilio huu: alichomeza au kuvuta ni hiki hapa, kiasi ni hiki, saa ilikuwa hii, na tangu hapo tumempa kitu hiki au hatujampa chochote. Kama kogo alishampa maziwa, litaje bila kumlaumu.